Indiketa ya Mgeni: Lori Lililo Mbele Yako Linasema Nini?

Alfajiri, Ruaha Mbuyuni. Magunia ya vitunguu yamepangwa kando ya lami, mama wauza chai wanachochea majiko, na moshi wa dizeli umetanda chini ya mibuyu. Umetoka Morogoro usiku, unakwenda Iringa, na mbele yako limekaa lori la kontena linalojikongoja kwa kilomita 30 kwa saa. Nyuma limeandikwa kwa Kiingereza kwamba usukani wake uko kushoto. Namba yake huitambui. Unasogea kulia kidogo kuchungulia, unarudi. Unasogea tena. Ghafla lori linawasha indiketa ya kulia.

Linasema nini?

Kama umekulia kwenye barabara za Tanzania, jibu unalo: tulia, kuna gari linakuja. Indiketa ya kushoto ndiyo ruhusa ya kupita. Hukufundishwa hivyo darasani. Umeiokota njiani, kama tulivyookota sote. Lakini huenda dereva huyu amezoea Lubumbashi, ambako magari hupita upande wa kulia. Kwake bega la barabara liko kulia, na anayempisha mwenzake huwasha taa ya upande wa bega. Kwa hiyo indiketa hiyohiyo ya kulia, ikiwashwa na mkono uliozoea kwao, inaweza kumaanisha "pita". Tena inawezekana taa hiyo haikuhusu hata kidogo: dereva anataka kukata kulia aingie kituo cha mafuta.

Taa moja, maana tatu. Ukikosea kuchagua, hupati nafasi ya kuuliza tena.

Kila ajali kubwa ya lori inapotokea, vijiweni huanza msako wa mchawi. Likiwa na namba ya nchi jirani, hukumu hutoka kabla trafiki hajafika: hawa wageni hawajui kuendesha. Makala hii haikubaliani na hukumu hiyo. Hatari ya dereva mgeni haiko kwenye pasipoti yake. Iko kwenye kiti alichokalia, kwenye mteremko ambao hakuna aliyemweleza, na kwenye usingizi alioukosa. Yote matatu yana dawa, na sehemu kubwa ya dawa hiyo inaweza kutolewa mpakani, kabla lori halijaingia kwenye lami yetu.

Barabara iliyojengwa kwa ajili ya jirani

Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ambayo wengi tunaiita TANZAM, haikuwekwa lami kwa ajili ya safari zetu za kwenda kuoa Mbeya. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia, isiyo na bahari, ikajikuta njia zake za kusini ziko mikononi mwa watu isioweza kuwaamini. Shaba ilihitaji kutoka na mafuta yalihitaji kuingia. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia njia ya vumbi na matope iliyoua watu wengi kiasi kwamba madereva wa wakati ule waliipa jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likajengwa, lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975.

Kwa hiyo mgeni hakuvamia barabara hii. Ilijengwa akiwa mawazoni. Leo bandari ya Dar es Salaam inahudumia Zambia, Malawi, Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda, na mzigo mwingi wa nchi hizo hupita barabarani. Malori ya Zambia na Kongo hufuata TANZAM hadi Tunduma. Ya Malawi huachana nayo Uyole, yakashuka Tukuyu hadi Kasumulu. Ya Rwanda na Burundi hukata Morogoro, yakapita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, hadi Rusumo au Kabanga.

Katika orodha hiyo, Zambia, Malawi na Uganda zinapita kushoto kama sisi, urithi wa Mwingereza. Kongo, Rwanda na Burundi zinapita kulia, urithi wa Mbelgiji. Dereva wa Zambia ni mgeni kwa pasipoti tu, maana upande wetu wa barabara ameuzoea tangu anajifunza. Dereva wa Burundi anaweza kuzungumza Kiswahili kuliko wewe, lakini akivuka Kabanga kila kitu kinageuka: mzunguko, makutano, upande wa kuangalia kwanza kabla ya kuingia barabara kuu. Mwili wake umejifunza jambo moja kwa miaka mingi, na sasa kichwa kinauamuru ufanye jingine. Mchana, akiwa macho, ataweza. Saa tisa usiku, akitoka kwenye kituo cha mafuta na barabara ikiwa tupu, mwili hurudi kwao.

Kwa hiyo kumweka dereva wa Ndola na dereva wa Bujumbura katika kapu moja la "wageni" hakutusaidii. Swali la maana ni hili: anatoka upande gani wa barabara, na usukani wake uko wapi?

Kiti cha kushoto kinaona nini?

Usukani ukiwa kulia, dereva wa Tanzania amekaa karibu na mstari wa kati. Akitaka kulipita gari la mbele, husogea kidogo tu na jicho lake limeshaona barabara yote. Dereva aliyekaa kushoto yuko upande wa majani. Bodaboda aliyejibanza kwenye bega anamwona vizuri kuliko tunavyomwona sisi. Asichokiona ni mstari wa kati. Ili ajue kama njia ni nyeupe, inabidi alitoe lori lake, lenye upana wa karibu mita 2 na nusu, aliingize kwenye njia ya wanaokuja. Anachungulia kwa mwili mzima wa gari. Akikuta basi linakuja, ameshachelewa kwa sekunde moja au mbili, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kila sekunde ni mita 22.

Tupige hesabu. Lori lenye urefu wa mita 22 linaenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria wa magari yenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 nchini Tanzania. Linataka kulipita jingine la urefu huohuo linaloenda kilomita 60. Ukiacha mita 20 kabla na mita 20 baada, zoezi hilo linachukua sekunde 15. Katika muda huo lori linalopita limekwenda zaidi ya mita 330, na gari linalokuja kwa kilomita 80 nalo limekwenda umbali huohuo. Zinahitajika karibu mita 670 za barabara iliyonyooka na isiyo na mtu, yaani zaidi ya viwanja sita vya mpira vilivyopangwa goli kwa goli. Kati ya Mikumi na Iringa, ni wapi utazipata mita hizo mara kwa mara?

Halafu kuna kona ya upofu. Dereva wa usukani wa kushoto ana eneo pana upande wa kulia wa kichwa cha lori, chini ya dirisha la utingo, ambalo kioo cha pembeni hakilifikii. Gari dogo likiwa linampita na kufika hapo, kwake ni kama limezama. Akiamua wakati huohuo kusogea kulia ili akwepe shimo au mkokoteni, anakubana bila kujua kwamba upo. Ukisikia dereva wa lori akiapa kwamba hakuliona gari alilolilaza mtaroni, usiharakishe kumwita mwongo.

Kasoro hii haina uraia. Lori letu lenye usukani wa kulia likivuka Kasumbalesa kuingia Kongo, nalo linakuwa kipofu vilevile. Rwanda ilipiga marufuku mwaka 2005 kuingiza magari ya usukani wa kulia, kisha baadaye ikalegeza sharti hilo kwa malori, kwa sababu malori hayo yanaishi barabarani kwa jirani kuliko nyumbani. Lori linaloona vizuri Singida linaona vibaya Kigali. Maadamu mpaka unagawa pande za barabara, siku zote kutakuwa na mtu aliyekaa kwenye kiti kisicho sahihi.

Lugha ambayo sheria haiijui

Turudi kwenye indiketa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haitambui mazungumzo haya ya taa kati ya lori na gari la nyuma. Kisheria indiketa inatangaza kitu kimoja tu: mwenye gari anakusudia kugeuka au kuhama njia. Ukipita kwa sababu lori "limekuruhusu" na ukakutana uso kwa uso na basi, kosa la kupita vibaya ni lako. Dereva wa lori ataendelea na safari yake.

Hata hivyo lugha hii imeokoa wengi, na itakuwa unafiki kuidharau. Dereva wa lori amekaa juu, anaona mbali, na anapokuonya kuna gari linakuja anakufanyia hisani. Ndivyo ilivyo hata kwa matawi ya mti yanayotupwa barabarani mbele na nyuma ya lori lililoharibika: kila mtu kuanzia Chalinze hadi Tunduma anajua maana yake, ingawa sheria inataka pembetatu zinazoakisi mwanga. Tatizo la lugha ya mtaani ni kwamba inawafaa wale tu waliokulia mtaa huo. Majani makavu usiku wa mvua hayaakisi chochote, na mgeni anayeyaona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani upepo umevunja tawi.

Kanuni salama ni moja: taa ya kukuzuia itii, taa ya kukuruhusu ichukulie kama maoni. Ikikwambia subiri, subiri, hata kama huoni sababu. Ikikwambia pita, chungulia mwenyewe, na ukiwa nyuma ya gari la usukani wa kushoto jiulize tena: huyu ameona nini kutoka pale alipokaa?

Ndoo 8 za maji yanayochemka

Mteremko wa Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Iringa, hauhitaji kutambulishwa kwa msomaji aliyewahi kusafiri nyanda za juu kusini. Ukipita Iringa na Makambako na kuingia Mbeya, kuna Inyala, kisha, ukiliacha jiji, Iwambi na mteremko wa kuingia Mbalizi. Majina haya yamesikika kwenye taarifa za ajali mara nyingi mno, na sentensi ni ileile kila mara: lori lilifeli breki.

Breki hazifeli kwa uchawi. Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori la ekseli 7 linaruhusiwa kuwa na uzito wa hadi tani 56 pamoja na mzigo wake. Lori hilo likishuka urefu wa mita 100 tu kwenda chini bila kuongeza mwendo, na kazi yote ikafanywa na breki za magurudumu, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha maji ya kujaza ndoo 8 za lita 20. Joto hilo lote linaingia kwenye ngoma za breki na viatu vyake. Vikipata moto kupita kiasi, viatu vinateleza badala ya kushika. Dereva anakanyaga, pedali inazama, na lori linaendelea kama halijasikia.

Ndiyo maana madereva wakongwe wana kanuni: gia uliyopandia mlima ndiyo ushukie. Injini na breki ya eksozi ndizo zishike mzigo, na breki za magurudumu ziguswe kwa vipindi. Anayefanya kinyume ni yule anayeachia frii, yaani anatoa gia na kuliacha lori liteleze ili aokoe mafuta. Dizeli inayobaki ina soko, na wanunuzi wenye madumu wapo kando ya barabara. Kila lita iliyookolewa mlimani inauzwa bondeni, kama lori litafika bondeni.

Mgeni ana mzigo wa ziada hapa, maana hajui mteremko unaishia wapi. Mwenyeji wa Kitonga anajua kwamba baada ya kona hii kuna nyingine iliyo kali zaidi. Mgeni akiona lami imenyooka kidogo anadhani yamekwisha, anabadili gia, kumbe ndiyo kwanza yanaanza.

Wenzetu wa Kenya wamelipa ada kubwa kwa somo hili katika barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, kipande cha Salgaa na Sachangwan. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 110. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakafa. Baada ya hapo serikali ilijenga ukuta wa kutenganisha pande mbili za barabara katika kipande hicho, jambo ambalo lingeweza kufanywa miaka mingi nyuma. Juni 30, 2023, si mbali sana na hapo, lori lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani, likawaparamia wafanyabiashara na abiria waliokuwa kando ya barabara. Waliokufa walizidi 50. Ukuta uligawa magari, lakini kwingineko masoko yalibaki pale lori lisilo na breki hukimbilia.

Barabara ya jijini Mbeya kutoka Nsalaga hadi Ifisi inapanuliwa kuwa njia nne, na ni jambo jema. Lakini njia nne hazipunguzi mteremko. Lori lililofeli breki kwenye njia nne lina nafasi zaidi ya kwenda kasi.

Usingizi unaokatwa kwenye posho

Dereva wa lori la Kongo anaweza kukaa siku kadhaa kwenye foleni ya Tunduma, na nyingine Kasumbalesa. Foleni si mapumziko. Anasogeza lori hatua chache, anazima, anawasha, analinda mzigo, analala kwa vipande. Akifunguliwa geti, tajiri anapiga simu: kontena lilitakiwa bandarini jana. Madereva wengi wa ukanda huu hulipwa kwa safari. Anayelipwa kwa safari, kila saa ya usingizi inakatwa kwenye posho yake.

Ulaya walishughulikia jambo hili kwa kifaa kiitwacho takografu, ambacho hurekodi saa za kuendesha. Sheria yao inataka dereva apumzike dakika 45 baada ya saa 4 na nusu za usukani, na kwa kawaida asizidishe saa 9 kwa siku. Hapa kwetu, mabasi ya safari ya zaidi ya saa 8 yanatakiwa kuwa na madereva wawili, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hufuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa mfumo wa kielektroniki wa VTS. Tumejua jinsi ya kumlinda abiria ndani ya basi. Lakini abiria huyo yumo barabara moja na lori, na basi lake haliwezi kuwa salama kuliko lori linalokuja mbele yake.

Tena vifaa vipo. Mizigo mingi ya kwenda nje hufungwa lakiri za kielektroniki ili forodha ijue kontena liko wapi na lisifunguliwe njiani. Kifaa kinachoweza kusema lori limesimama wapi kinaweza pia kusaidia kujua kwamba halijasimama kwa saa 12. Tumekifunga kulinda kodi. Hatujakitumia vya kutosha kulinda watu.

Sisi nasi ni wageni

Julai 2, 2010, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka katika mji mdogo wa Sange, kati ya Uvira na Bukavu, mashariki mwa Kongo. Watu walikuja na vyombo kuchota petroli. Wengine walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua zaidi ya watu 230. Kwa watu wa Sange, mgeni mwenye lori la hatari siku ile alikuwa ametoka kwetu.

Miaka 9 baadaye, Agosti 10, 2019, msiba ulihamia Msamvu, Morogoro, kwa sura ileile: lori la mafuta lililopinduka, madumu, kisha moto. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Sange, Sachangwan na Msamvu ni nchi tatu na kosa moja.

Nawakumbusha haya kwa sababu hasira dhidi ya madereva wageni hurudi kwa mwenyewe. Vijana wetu wako Kasumbalesa, Kolwezi, Kigali na Bujumbura wakiendesha malori yenye usukani wa upande usiofaa kwenye barabara wasizozijua. Tunachomdai Mkongo akiwa Mikumi, tumdai Mtanzania akiwa Likasi.

Waingereza walibandika plastiki

Uingereza, iliyotuachia upande wa kushoto, ina tatizo hilihili kila siku. Malori ya bara la Ulaya yenye usukani wa kushoto huvuka mlango wa bahari na kuingia barabara zao, na kwa miaka mingi yalikuwa yakiyakwangua ubavuni magari madogo yaliyokuwa kwenye kona ya upofu. Moja ya dawa zao iligharimu kidogo mno. Ni lenzi bapa ya plastiki, nyembamba kama jalada la daftari, inayobandikwa kwenye dirisha la upande wa abiria. Inapinda mwanga na kumwonyesha dereva kile ambacho kioo hakifikii. Asili yake ni kazi ya Mfaransa Augustin-Jean Fresnel, aliyeibuni miaka ya 1820 kwa ajili ya taa za minara ya baharini. Serikali ya Uingereza iliwagawia madereva wa kigeni lenzi hizo bure bandarini, kwa hesabu rahisi: ni nafuu kuliko kufunga barabara kuu nusu siku.

Jiji la London likaenda mbali zaidi. Tangu Machi 2021 malori makubwa yanahitaji kibali kinachotegemea kiasi anachokiona dereva kwa macho yake kutoka kwenye kiti, na lori hupewa nyota kuanzia 0 hadi 5. Kuanzia Oktoba 2024, lisilofikisha nyota 3 linatakiwa kuongezewa vifaa vya kuona na kutambua watu waliolizunguka. Kibali hicho hakiulizi lori limetoka nchi gani.

Jambo la tatu linahusu faini. Tangu 2009, dereva asiye na anwani ya Uingereza akikamatwa na kosa anaweza kutakiwa kuweka fedha papo hapo, la sivyo lori linafungwa lisiondoke. Walitambua kwamba faini ya kulipa baadaye, kwa mtu anayevuka mpaka kesho, ni karatasi tu.

Nusu saa ya Tunduma

Tungeweza kuanza na nini? Lori la mgeni linasimama mpakani kwa vyovyote. Kituo cha huduma kwa pamoja kipo Tunduma na Nakonde, kipo Rusumo pia. Wakati karatasi za forodha zinashughulikiwa, nusu saa inatosha kumbandikia dereva lenzi kwenye dirisha, kumpa kioo cha ziada cha pembeni, na kuweka nyuma ya lori maandishi makubwa ya Kiswahili yanayoakisi mwanga: USUKANI KUSHOTO. Nusu saa hiyohiyo inatosha kumpa karatasi moja ya picha inayoonyesha kila mteremko mkali hadi Dar es Salaam, gia ya kushukia, sehemu za kulala, na maana ya indiketa zetu.

Nani atasema haiwezekani? Pale Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza kilomita 50 za mbuga, kuna ubao unaoonyesha faini ya kila mnyama ukimgonga. Tukiweza kumwambia mgeni bei ya twiga, tunashindwaje kumwambia gia ya kushukia Kitonga?

Mizani nayo ipo tayari: Mpemba, Makambako, Mikese, Vigwaza. Lori lazima lipite hapo. Kwa leo swali kubwa linaloulizwa ni uzito, kwa sababu uzito unaharibu lami. Liongezwe la pili: breki na matairi vikoje? Kabla ya mteremko mkubwa kuwe na uwanja wa kusimama kwa lazima, lori lipoe, dereva aguse magurudumu yake. Pembeni mwa mteremko zijengwe njia za dharura zenye changarawe nene, ambazo lori lililofeli breki linaingia na kuzama badala ya kuingia sokoni. Na masoko yenyewe yahamishwe kutoka miguuni mwa milima, yapewe mahali penye wateja, maana ukiyahamishia porini yatarudi baada ya wiki.

Faini za madereva wageni ziunganishwe na mfumo wa forodha, lori lisitoke nchini kabla halijalipa. Na fomu ya ajali ya trafiki iwe na kisanduku kimoja zaidi: usukani ulikuwa upande gani? Bila kisanduku hicho tutaendelea kubishana vijiweni kuhusu wageni bila kujua kama kweli tatizo ni wao.

Wewe uliye nyuma ya lori

Serikali itachukua muda wake. Safari yako ni Jumamosi hii. Kama huvioni vioo vya pembeni vya lori, dereva wake hakuoni. Rudi nyuma hadi uvione. Usilipite lori la usukani wa kushoto taratibu: ukiamua, na njia ikiwa nyeupe kweli, pita moja kwa moja bila kuganda ubavuni mwake. Usimkatie mbele baada ya kumpita, kwa kuwa kwa kilomita 80 kwa saa anahitaji zaidi ya mita 30 kabla hata mguu wake haujagusa breki. Ukiwa kwenye mteremko na ukaona moshi kwenye magurudumu ya lori lililo nyuma yako, usishindane nalo, tafuta pa kutokea.

Ukigongwa na lori la nje, usinakili namba moja tu. Kichwa na tela mara nyingi vina namba tofauti, hata za nchi tofauti. Chukua zote mbili, na uombe kuona Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ndiyo bima ya mtu wa tatu inayovuka mipaka na inayotambuliwa Tanzania. Fidia yako inaanzia kwenye kadi hiyo. Na lori la mafuta likipinduka, chukua watoto uondoke.

Taa ya lori lililo mbele yako imewashwa na mtu aliyechoka, aliyekaa kiti kisichoona vizuri, kwenye barabara ambayo pengine anaipita kwa mara ya kwanza. Ikikwambia subiri, mwamini. Ikikwambia pita, hakikisha kwa macho yako mwenyewe.